Uondoke Ukiwa Macho

Kioko mwanangu,

Mimi ndiye niliyekupa dawa siku ile. Sijawahi kumwambia mtu yeyote. Si Susu, si Anti Syombua, si mchungaji, hata Halima ambaye tulilala naye kitanda kimoja cha juu na chini kwa miaka karibu mitatu. Ulikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Ilikuwa dawa ya mafua, ile ya majimaji ya rangi ya waridi ambayo chupa yake imeandikwa kwamba inaleta usingizi. Wewe hukuwa na mafua. Nilikupa ili ulale nipate kutoka.

Nimeandika. Sasa hata nikirarua karatasi, nitajua kwamba niliwahi kuandika.

Kesho alfajiri Anti anakuchukua kwenda kuishi naye mjini Wote. Una miaka minne, utakaa huko hadi nimalize chuo, na leo mchana yeye na mimi tumekubaliana kwamba uondoke umelala. Yaani yeye alisema, na mimi nikasema sawa. Ndiyo maana naandika.

Sasa hivi ni saa kumi jioni. Umeenda kwa jirani kuona vifaranga. Susu, nyanya yangu aliyetulea mimi na wewe, ameketi nje kwenye kiti cha plastiki, na Anti yuko kando yake anachambua ndengu. Mimi niko ndani, kwa meza ya cherehani, na kila nikisikia mtu anakohoa naweka daftari la chuo juu ya karatasi hii. Ndivyo nilivyo. Ninaona haya hata ya kuomba chumvi mezani. Mwalimu akiniuliza swali huwa najibu nikitazama meza.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kikamba ndicho tunachoongea mimi na wewe, lakini sijakizoea kwa kalamu, na tena nikiyasema haya kwa Kikamba nitalia kabla sijafika katikati. Kiingereza ni cha mtihani. Kwa Kiingereza mimi hujibu vizuri sana mambo ambayo sijayatubu.

Mambo ya mswaki, sweta na kusalimia wakubwa sitayaandika. Anti anayajua kunishinda. Barua hii utaisoma ukiwa mkubwa, pengine na ndevu, na sitaki uifungue ukute orodha.

Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na mitano, kidato cha pili. Baba yako alikuwa mvulana wa kidato cha nne, na aliposikia aliogopa kuliko mimi, akaenda kwa mjomba wake Mombasa na hajarudi. Simchukii. Tulikuwa watoto wawili na ni mmoja wetu tu aliyeweza kukimbia. Siku ya kukupa jina, Susu alisema uitwe jina la marehemu mumewe, na tangu siku hiyo ukawa mume wake. "Mwende," alikuwa ananiita kutoka jikoni, "mnyonyeshe mume wangu, ananikasirikia bure." Akikuosha alikuchungulia mdomoni anacheka: "Asi! Huyu mzee alinioa akiwa na meno yote. Sasa amerudi hana hata moja na bado anataka nyama."

Nilicheka sana wakati huo. Nataka ujue hilo. Si kweli kwamba nyumba ilikuwa na majonzi tu.

Ulipofika miezi sita nikarudishwa shuleni, shule ya bweni upande wa Mwingi, mbali na watu wanaonijua. Susu ndiye aliyesema. "Mtoto nitamlea. Kichwa chako nani atakulelea?" Wiki ya kwanza maziwa yalinivuja darasani. Nilikunja mikono kifuani hadi mabega yakaniuma. Halima, ambaye baba yake alikuwa na duka la vyombo hapo mjini, aliniona tukitoka maabara. Akanivuta kando ya tangi la maji.

"Una mtoto nyumbani?"

"Sina."

Akaitazama blauzi yangu. Ilikuwa na madoa mawili kama mboni za macho. Akanitazama mimi.

"Haya, huna. Vaa sweta yangu. Na usikunje mikono hivyo, ndiyo inaonyesha zaidi."

Hakuniuliza tena hadi tukamaliza. Nami sikumwambia hadi tukamaliza. Nilikukana, Kioko, huku mwili wangu ukisema ukweli mbele ya kila mtu.

Chuoni sasa tuna somo linalohusu binadamu tangu akiwa tumboni hadi uzeeni, jinsi anavyobadilika na kinachombadilisha. Mwalimu wetu ni mama mfupi mwenye sauti ya chini, hufundisha akiwa amesimama dirishani kama anayeongea na watu wa nje. Alipofika umri wa ujana alisema kijana wa miaka kumi na mitano ana kazi moja kubwa, kutafuta yeye ni nani, na hujaribu kila aina ya mtu kama anayejaribu nguo sokoni. Wenzangu waliandika. Mimi nilikumbuka lile tangi la maji. Mimi sikujaribu nguo. Nilivaa sweta ya mtu mwingine na kusema ni yangu. Sisemi hivi ili unihurumie. Nasema kwa sababu ukifika umri huo utafanya jambo la kipuuzi, nami nitakuwa nimesahau nilivyokuwa, kama wazazi wote wanavyosahau, na barua hii iwe shahidi wako.

Likizo ya kwanza ilipoisha ulikuwa na miezi kumi. Nilivaa sare nikakuambia, "Mama anaenda shule." Ulinishika sketi kwa mikono miwili. Susu alikutoa kidole kimoja kimoja, na akitoa cha tatu cha kwanza kilikuwa kimesharudi. Nilikusikia ukilia hadi nilipovuka mto wa mchanga. Ule mto ni mbali, unaujua. Kwa wiki mbili kengele ya masomo ya jioni ikilia nilikuwa nasikia sauti yako ndani yake.

Likizo iliyofuata Susu akanipa ushauri, na alinipa kwa upendo. "Usimuage. Ngoja alale, umtoroke. Sisi wote tulifanya hivyo, na watoto wakakua. Mama yako alikutoroka wewe."

Ni kweli. Mama yangu alikuwa akifanya kazi hotelini, mji mmoja wa barabara ya Mombasa, na alikuja Krismasi. Siku ya kurudi alinituma dukani chumvi. Mwaka uliofuata, chumvi tena. Nilikuwa narudi mbio na pakiti mkononi, na kitanda chake kimeshatandikwa. Mwaka wa tatu nilikataa kwenda dukani, nikachapwa kwa ukaidi, na nilipokuwa nyuma ya nyumba nalia akaondoka. Kisha akaugua huko huko akafa, nikiwa darasa la sita, nikaambiwa baada ya siku nne kwa sababu nilikuwa na mitihani. Sikuwahi kumuona mama yangu akienda. Namkumbuka akija tu. Ungedhani hiyo ni kumbukumbu nzuri.

Pamoja na hayo yote, nilipoambiwa nikutoroke niliona ni jambo la busara.

Lakini wewe hukulala. Ulikuwa umenijua. Siku hiyo uliizungushia kidole chako pindo la sketi yangu ukakaa wima kwenye mkeka, macho mekundu kama ya mlinzi. Saa nane ikafika. Gari la mwisho la kunifikisha kabla ya lango kufungwa lilikuwa la saa tisa, na mtu mwenye historia kama yangu hachelewi. Susu alikuwa ametoka kuchota maji. Ile chupa ilikuwa rafuni, ya mafua yako ya mwezi uliopita. Sikupima. Nilijaza kijiko, na ulipomeza bila kubisha, nikajaza kingine. Ulipenda utamu wake. Ulifungua mdomo unataka zaidi.

Baada ya muda kidole kililegea chenyewe. Nikakuweka kitandani, nikarudisha chupa mahali pake, nikakutana na Susu njiani na mtungi mgongoni. "Amelala?" "Amelala." "Unaona? Nilikuambia." Nikaenda.

Kilichofuata nilikisikia kwa mdomo wa Susu, likizo iliyokuja. Alisema hukuamka jioni. Alipokuita ukafungua macho yakarudi juu. Alidhani ni degedege. Akakufunga mgongoni na leso akakubeba hadi dispensari ya Matinyani, mama wa miaka sabini, kwenye ule mwinuko, akikuongelesha njia nzima ili usilale: "Mume wangu, usiniache mara ya pili." Muuguzi wa zamu alikuwa msichana mkali.

"Susu, huyu mtoto umempa nini?"

"Uji tu, mwanangu. Uji wa wimbi."

"Uji gani unalaza mtoto hivi? Umechachusha? Umemtilia pombe?"

"Ngai! Mimi sinywi, nitampa mtoto?"

"Ninyi wazee ndivyo mnavyotuulia watoto, halafu mnasema ni degedege."

Ulilazwa hadi kesho yake, ukaamka, ukaomba chakula. Lakini watu waliokuwa kwenye foleni walikuwa wameshasikia, na Matinyani haina siri. Alhamisi Susu alipoenda kwenye kikundi chake cha kusuka vyondo, mmoja akamtania, "Leo hujatuletea ule uji wako? Nasikia ni mkali kuliko wa klabuni." Wote wakacheka. Naye alicheka. Alimaliza mstari aliokuwa anausuka, akafunga mkonge wake, akaja nyumbani, na hakurudi kwenye kikundi kwa zaidi ya mwaka. Kikundi ambacho yeye ndiye aliyekianzisha.

Alinisimulia haya usiku wa kwanza wa likizo, tukimenya maharagwe. Akaweka sahani chini akasema, "Mwende, nilikaribia kukuulia mtoto. Sijui nilikosea wapi. Labda unga ulikuwa na kuvu. Labda nilimfunika sana. Nisamehe."

Nami nikasema, "Si kitu, Susu."

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Nilimsamehe kosa langu mimi.

Tangu hapo akawa analala mkono wake ukiwa juu ya kifua chako. Mtu aliyelea watoto saba na wajukuu sijui wangapi akaanza kuniuliza mimi, msichana wa miaka kumi na sita, "Unadhani nimpe ndizi? Haitamdhuru?"

Na wewe ukabadilika. Kwanza hukutaka kulala mchana nikiwa nyumbani. Unaegemea ukuta, unasinzia, unashtuka, unanitafuta kwa macho. Hivyo kwa likizo mbili. Kisha siku moja, ukiwa na miaka miwili na nusu hivi, nilivaa sare nikachukua sanduku na wewe ulikuwa chini unapanga visoda. Hukuinua kichwa. Nikasema, "Kioko, naenda." Ukasogeza kisoda kimoja kikae sawa na kingine. Niliporudi baada ya miezi mitatu ulinitazama kama unavyomtazama mwenye kusoma mita ya maji, ukaendelea na kazi yako. Jirani akasema, "Mtoto huyu ana adabu, hasumbui kabisa." Nilifurahi. Nilijisifu kwa Susu kwamba umekuwa mwanaume. Na uliponiita kwa jina langu, Mwende, kama Susu anavyoniita, niliona ni uerevu wa mtoto.

Muhula uliopita, mwalimu wetu wa sauti ya chini alitupa mtihani mdogo. Mtoto wa miaka miwili na nusu halii mama yake anapoondoka wala hamkimbilii anaporudi; majirani wanamsifu; eleza. Nilijaza kurasa tatu. Niliandika kwamba mtoto mdogo hana kalenda. Mama akitoka, kwake ametoka duniani. Ni kurudi tena na tena, na kuaga tena na tena, ndiko kunakomfundisha kwamba mtu anaweza kwenda na bado yupo, na juu ya hilo moja anajenga karibu kila kitu kingine: urafiki, ndoa, hata kulala usingizi. Niliandika kwamba mtoto anayelia anaamini kuna mtu wa kumsikia. Niliandika pia, maana ndivyo tulivyofundishwa, kwamba tusiharakishe kumhukumu mtoto aliyetulia, wengine wamezaliwa hivyo. Tuulize alikuwaje kabla.

Mimi sikuhitaji kuuliza. Nilijua ulikuwaje kabla.

Mwalimu aliisoma karatasi yangu mbele ya darasa bila kutaja jina, lakini mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa hivi kwamba kila mtu alijua. Baadaye akanisimamisha mlangoni. "Umeyatoa wapi haya? Hayako yote kwenye vitabu nilivyowapa."

"Kwa vitabu, madam."

Akasema, "Sawa. Lakini ujue jambo moja ambalo hukuliandika. Hakuna umri ambao mtu huwa amefungwa kabisa. Tunaweza kurudi tukatengeneza. Polepole, lakini tunaweza." Nilikwenda vyooni nikakaa huko hadi somo la pili likaisha.

Wakati huo Susu alikuwa ameshapata kiharusi. Upande wake wa kulia ulilala, na maneno yakabaki machache. Chuo changu kiko Kitui mjini, kwa hiyo nilikuwa naja Ijumaa na kuondoka Jumapili, na katikati ya wiki jirani alikuwa akiwaangalia nyote wawili. Nikawakuta siku moja mnafundishana. Yeye anajifunza upya kufunga kifungo cha sweta kwa mkono wa kushoto, na wewe unajifunza cha shati lako kwa mara ya kwanza, na wewe ndiye mwalimu. "Susu, si hapo! Tundu hii! Asi, mwanamke huyu!" Alicheka hadi uji ukamwagika. Unamuiga hata hasira yake ya mchezo.

Ndipo nikaamua kujaribu. Jumapili ya kwanza nilichuchumaa mbele yako nikasema, "Mama anaenda. Nitarudi Ijumaa." Ukatazama pembeni. Ijumaa nikarudi. Jumapili ya pili vivyo hivyo, ya tatu vivyo hivyo, ukitazama pembeni. Ya nne ulimuuliza Susu, si mimi, "Ijumaa ni lini?" Na Jumapili ya tano, Kioko, nilikuwa nimefika kwenye ua nikasikia miguu yako. Ulinigonga kwa nyuma kama mbuzi. Ulishika sketi. Ukalia. Mdomo wazi, kamasi, kila kitu, unapiga miguu chini, unasema, "Usiende, mama, usiende." Mama. Nikageuka nikamuona Susu kwenye kiti chake, mdomo wake wa upande mmoja ukicheka na machozi yakimshuka, anatafuta neno. Akalipata.

"Analia," alisema. "Mwende. Analia!"

Hatukuwahi kuambiana, lakini yeye pia alikuwa ameona ule ukimya.

Hilo lilikuwa majuma matatu yaliyopita. Wiki iliyopita jirani alikukuta umepanda kigoda, unavuta sufuria ya maji yanayochemka ili umpikie Susu chai. Ulinusurika kwa upana wa kiganja. Jioni hiyo Anti alipiga simu kutoka Wote. Ana nyumba, ana mume mpole, ana chumba ambacho wamekitengeneza mara mbili na mara mbili hakikupata mtoto. Nilitaka kuacha chuo. Susu alipiga meza kwa mkono wake mmoja. Kwa hiyo unaenda, na ni sawa uende. Sililii hilo. Nitakuja kila mwisho wa mwezi na likizo zote.

Ninalolilia ni la leo mchana. Anti alifika na zawadi, ukampenda mara moja, mkacheza. Ulipotoka akanivuta jikoni.

"Mwende, mtoto akilia kutoka hapa hadi Wote, nitamweza? Ataniona mimi ndiye niliyemwiba."

"Ni kweli, Anti."

"Nimekuja na dawa kidogo ya kumlaza. Saa kumi alfajiri tunampa, tunambeba amelala, anaamkia kwangu. Akiamka namuonyesha baiskeli. Mtoto husahau."

Alikuwa na chupa mkobani. Si ya rangi ile, lakini ni ile ile. Nikasema, "Sawa, Anti."

Unaona? Miaka mitatu karibu, masomo yote hayo, kurasa tatu zilizosomwa darasani, na mdomo wangu ukasema sawa kwa sababu aliyesema ni mkubwa wangu na aliniangalia kwa huruma. Yeye hana kosa. Hajui kwamba mwili wako umeshakunywa chupa hiyo. Hajui jinsi ulivyofungua mdomo kuomba zaidi. Hajui kwamba una Jumapili tatu tu za kulia mkononi, ile ya kwanza na mbili zilizofuata, na kwamba ukiamkia nyumba ya watu bila kuona nikibaki nyuma, zote zitafutika. Hajui kwa sababu mimi sijamwambia, na siwezi kumwambia sehemu moja bila nyingine.

Kuna jambo jingine. Mwalimu alisema uzee nao una kazi yake. Mzee hukaa na kutazama nyuma, anapima kama aliishi vizuri, na akiona ndiyo, anaweza kuondoka kwa amani. Sasa Susu hana kazi nyingine ila hiyo. Anakaa pale kwenye kiti cha plastiki kuanzia asubuhi anatazama nyuma, na katikati ya njia yake ndefu kuna siku moja aliyokaribia kumuua mtoto kwa uji. Siku hiyo haikutokea. Niliiweka mimi pale. Kila ninapochelewa kusema, anaihesabu tena. Na maneno yake ni machache sasa. Sijui kama ataweza kuniuliza kwa nini, au kunitukana ninavyostahili. Naogopa atanishika tu mkono. Hilo ndilo ninaloliogopa zaidi.

Kwa hiyo kesho, kama mdomo huu utakubali, mambo yatakuwa hivi. Utaamka mwenyewe, jua likiwa limetoka. Nitakuambia unaenda kukaa na Anti, na mimi siendi, na Susu haendi. Nitakuambia nitakuja lini, na nitakuhesabia kwa vidole vyako. Utalia. Utanishika, na hakuna atakayekutoa kidole kimoja kimoja. Tutangoja uachie au tubebane hadi kwenye gari hivyo hivyo. Anti ataliona na ataumia, na pengine utamlilia hadi Wote, na kesho kutwa utamlilia tena. Atajifunza kukubembeleza. Wewe utajifunza kwamba anabembeleza. Sina njia fupi ya kumpa.

Nilikuwa nataka kukuandikia mengi kuhusu maisha, lakini nina miaka kumi na tisa na hili ndilo pekee ninalolijua kwa hakika: ukilazimika kumuacha mtu, muache akikuona.

Anti ameinuka huko nje. Nasikia akimwambia Susu, "Ngoja nikamfungie mtoto nguo zake," na kiti kinasogezwa, na sasa ni ndara zake kwenye kokoto. Mkono wangu umeshalivuta daftari juu ya karatasi bila kuniuliza. Nimeliondoa. Limerudi, nimeliondoa tena, nimeliweka sakafuni chini ya kiti changu.

Yuko kwenye jiwe la mlango. Anakung'uta maganda ya ndengu kwenye leso. Karatasi ziko mezani, ya kwanza ikiwa juu, na Susu anasikia kila neno linalosemwa humu ndani, ukuta wetu ni mabati tu.

Naweka kalamu ili nimwambie, Anti, kabla hujafunga begi, keti, unisomee karatasi hizi kwa sauti.